Makala Ambayo Kila Mtu Ameisoma

Mama mkwe aliitazama karatasi kubwa iliyotandazwa juu ya meza ya kulia, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akatoa hukumu.

"Huu ni upele."

"Ni ramani, mama," akasema mkwewe.

"Ramani ya wapi isiyo na barabara?"

"Ya utafiti. Utafiti wa namna uchumi unavyofundishwa shuleni. Kila duara ni makala. Makala ikitajwa sana na wenzake, duara lake linanona. Isiyotajwa na mtu inabaki kidoti."

"Na hizi nyuzi?"

"Nani kamtaja nani."

Mama mkwe alifikiri kidogo. Alikuwa amelea watoto wengi katika mtaa wenye kuta nyembamba, na habari za nani kamtaja nani hakuhitaji kuzisomea chuo. "Kumbe umbea," akasema, akakisogeza kikombe chake cha chai pembeni kisije kikaacha duara la ziada.

Hakuwa mbali na ukweli. Wataalamu wa kazi hiyo wanaiita kwa jina refu zaidi, lakini ukilivua koti jina hilo, unalikuta lile lile la mama mkwe limekaa ndani.

Mkwewe alikuwa mwalimu wa uchumi katika shule ya sekondari ya kutwa. Wanafunzi walimwita Bi Mahitaji, kwa sababu mtoto akinyoosha kidole kuomba chochote, hata ruhusa ya kwenda chooni, alimuuliza kwanza: "Hayo ni mahitaji au ni matakwa?" Wapo waliojibu vizuri, na wapo waliochelewa kujibu. Jina lilimganda. Mumewe, ambaye ni fundi wa majokofu, alilitumia nyumbani kila alipotaka kumtania, yaani kila siku. Alikuwa mwanamke wa kimo cha kawaida, aliyetembea ameinama mbele kidogo kama mtu anayekwenda kubishana na mlango. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Kitu pekee alichowapita wenzake ni kwamba akiambiwa jambo, aliuliza nani kasema.

Swali lililomfikisha chuo kikuu lilikuwa limesimama kwenye kona ya darasa lake. Lilikuwa rafu ya mbao yenye maboksi matupu ya sabuni, makopo yaliyooshwa, na bango lililoandikwa KARIBU MTEJA. Hilo liliitwa duka la darasani. Kila darasa la uchumi lilitakiwa kuwa nalo, na mkaguzi alipokuja alilitafuta kabla hajamtafuta mwalimu. Mwongozo wa walimu ulieleza sababu, semina zikarudia, na wakuu wa shule wakaikariri: utafiti umethibitisha kwamba mwanafunzi anayefundishwa kwa duka la darasani huelewa uchumi mara mbili ya mwenzake. Bi Mahitaji alikuwa amefundisha kando ya duka hilo tangu aajiriwe, na hakuwahi kumwona aliyeelewa mara mbili. Aliowaona ni waliolala nyuma yake, kwa kuwa rafu ilikuwa pana na ilikinga jua.

"Nilitaka tu kumjua aliyesema," ndivyo alivyoeleza baadaye, kwa sauti ya mtu anayeuliza nani ameacha bomba wazi.

Kwa hiyo alipojiunga na masomo ya jioni ya uzamili, katika idara ya elimu ya uchumi, alichagua kuchora ramani ya mwelekeo wa utafiti wote uliofanywa katika uwanja huo: watu wameandika nini, wameanza na lipi, wamehamia wapi, na nani ameegemea bega la nani. Idara ilifurahi. Ilikuwa mada safi, isiyo na mtu wa kuumia. Ramani imewahi kumuudhi nani? Walisema hivyo watu wasomi, waliojaza kabati zao vitabu vya historia.

Kazi yenyewe haikuwa na ushujaa. Programu ya kompyuta humeza orodha za marejeleo na kutema maduara, lakini kwanza lazima ilishwe, na tasnifu za zamani zilikuwa za taipu, zimelundikwa kwenye chumba cha chini cha maktaba chenye feni inayozungusha vumbi lile lile. Bi Mahitaji alikaa humo akiandika marejeleo kwa vidole viwili. Hatimaye picha ikajitokeza. Kundi la kijani lilikuwa la mitihani, la buluu la vitabu vya kiada, la kijivu la wanafunzi wanaoogopa hesabu. Kundi jekundu lilikuwa la duka la darasani, na katikati yake palikaa duara moja kubwa kama sufuria katikati ya vikombe.

Makala hiyo ilikuwa ya Profesa, mkuu wa idara. Hapakuwa na ajabu. Kila aliyepita katika idara ile aliitaja kwenye ukurasa wa pili wa tasnifu yake, kama mtu anavyopiga hodi. Kuiacha ingekuwa kuingia nyumba ya watu kimyakimya, na anayeingia kimyakimya hujulikana amekuja kufanya nini.

Sasa, utaratibu ulimtaka mchora ramani asome makala kubwa kuliko zote katika kila rangi na kueleza zinasema nini. Bi Mahitaji alizisoma za kijani, za buluu na za kijivu. Akaenda kuiomba ile nyekundu.

"Ipo," akasema mkutubi. "Imeazimwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Atairudisha lini?"

"Mwalimu, anayeazima kitu kizuri umewahi kumwona akirudisha?"

Akaenda tena, akajibiwa vile vile. Alipokwenda tena akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya kaunta na kukalia, mkutubi akashusha sauti. "Nikwambie kweli. Nilipoanza kazi hapa, niliyempokea ofisi aliniambia imeazimwa. Na mimi nimeendeleza kazi nilipoikuta."

Bi Mahitaji akaanza kuwapigia simu walioitaja. Mkuu mmoja wa chuo cha ualimu alisema aliisoma ujanani na ikamgeuza maisha.

"Ilikuwa katika jarida gani, mkuu?"

"Mwalimu, mtu anayegeuzwa maisha hatazami jalada."

Wa pili alikiri aliichukua kwa wa kwanza. Wa kwanza, alipobanwa, akasema aliichukua kwa wa tatu, na wa tatu alikuwa ameichukua kwa marehemu. Zilikuwa kama mbio za kupokezana kijiti ambamo kila mkimbiaji anaapa kijiti alikipokea, ila hakuna aliyeuona mti kilikokatwa.

Hata hivyo aliufikia mwisho wa uzi. Ulikuwa makala nyingine kabisa ya Profesa, ya vitabu vya kiada, aliyoiandika akiwa mhadhiri msaidizi mwenye nywele. Ndani yake alikuwa amepenyeza sentensi: tazama pia makala yangu kuhusu duka la darasani, inayotarajiwa kuchapishwa. Mwanafunzi wake mmoja akainakili, akaliondoa neno "inayotarajiwa" ili kubana nafasi. Aliyefuata akaitia mwaka, maana rejeleo lisilo na mwaka linaonekana liko uchi. Mwingine akaiongezea namba za kurasa, alizozitoa Mungu anapopajua. Mwingine, mwenye moyo wa ukarimu, akaitia na matokeo: mara mbili. Hivyo ndivyo mtoto alivyokua, akabalehe na kupata wajukuu, bila kuzaliwa.

Msimamizi wake, daktari wa falsafa aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, alimwita dada, nusu kwa heshima na nusu kulainisha linalofuata.

"Dada yangu, hii nyongeza ya muda uliyopewa ni ya mwisho. Jopo likikukataa, jina lako linafutwa. Jasho lako lote linakwenda na maji."

"Najua, Dakta."

"Basi tia sentensi moja tu. 'Makala hii ni ya msingi.' Hujasema umeisoma, hujasema hujaisoma."

"Ni ya msingi wa nini?"

"Wa nyumba nzima, dada!"

"Nyumba haina msingi. Ndicho ninachojaribu kusema."

Msimamizi alitazama mlango kama umefungwa, akauona umefungwa, na bado akanong'ona: "Mimi pia nimeitaja."

"Najua. Uko hapa." Bi Mahitaji akamwonyesha kidoti chekundu kilichofungwa kwenye sufuria kwa uzi mwembamba. Alikionyesha kwa upole, kama unavyomwonyesha mtu doa kwenye shati lake kabla hajatoka mbele za watu.

Ilibaki kwenda kwa mwenye mali. Profesa alikuwa mtu mfupi, aliyenyooshwa kwa pasi kuanzia kola hadi maneno. Ofisi yake ilikuwa na zulia, kabati la vikombe vya ushindi, na kiti cha mgeni kilicho chini kidogo kuliko chake. Akaagiza chai.

"Umenitafuta, mwanangu, umenipata."

"Shikamoo, Profesa. Naitafuta makala ya duka."

"Marahaba. Nimeambiwa." Akatabasamu. Kilichomtatiza Bi Mahitaji ni kwamba hakukana hata kidogo. "Sikuiandika," akasema Profesa. "Lakini usinielewe vibaya. Nilikuwa nayo yote hapa." Akagusa paji la uso, mahali nywele zilipokuwa zinaanzia. "Kichwa cha habari, utangulizi, hoja, hitimisho. Kilichobaki ni utafiti."

"Halafu?"

"Halafu nikapandishwa cheo."

"Kwa makala gani, Profesa?"

Profesa akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Wewe ni mwalimu wa uchumi. Maswali ya polisi waachie polisi." Kisha akainama mbele. "Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani linakuja."

"Hili liko njiani tangu sijaolewa."

Profesa akacheka kicheko cha kweli, na kama mambo yangeishia hapo wangeachana marafiki. Ila alikuwa na suluhisho, na suluhisho la msomi ni jambo la hatari. Ataiandika sasa, wakati wa likizo. Watabandika ule mwaka wake wa siku zote, maana umeshazoeleka. Bi Mahitaji atakuwa mtu wa kwanza duniani kuisoma, ataandika katika tasnifu kwamba ameisoma, na itakuwa kweli tupu. Hakuna atakayesema uongo isipokuwa kalenda.

"Na ile mara mbili, Profesa? Utaipata wapi?"

"Aa, mara mbili sikuisema mimi. Ile walinipa." Alionekana kuwa na shukrani.

"Kuna mabaraza ya shule yanapitisha fedha za rafu kwa sababu ya ile mara mbili. Kuna walimu wameandikwa vibaya na mkaguzi kwa kukosa makopo matupu."

"Makopo hayajamuua mtu."

"Wala hayajamfundisha mtu. Sitaandika kwamba nimeisoma."

"Mwanangu, chuo umeshaingia, tasnifu umeshaandika. Maji ukiyavulia nguo..."

"Nitayaoga, Profesa. Nikiyaona."

Tabasamu la Profesa likakunjwa vizuri likarudishwa mahali pake. "Basi tutaonana siku ya utetezi," akasema. "Mwenyekiti wa jopo ni mimi."

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe uani, amelaza jokofu kifudifudi na kulipekua mgongo. Akasimama juu yake akamsimulia yote bila kuvua viatu.

"Kwa hiyo ukisema umeisoma unapata shahada," akasema mume.

"Ndiyo."

"Na usiposema?"

"Wananifuta."

Mume akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Nina mteja mmoja, kila mara analeta jokofu lile lile. Ananiambia, fundi, halina ugonjwa, lipige rangi tu."

"Unafanyaje?"

"Nalipiga rangi. Nina watoto."

"Hao watoto ni wangu pia."

"Ndiyo maana nyumba hii inahitaji mpiga rangi mmoja, na ni mimi." Wakacheka. Kisha mume akalirudia jokofu, akasema akiwa ameingiza kichwa ndani, sauti ikitoka na mwangwi: "Lakini nyama inaoza, Mahitaji. Rangi inang'aa na nyama inaoza. Mimi nimenusa."

Mama mkwe akaita kutoka jikoni: "Si mumwambie huyo profesa ailete tuione?"

"Hana, mama!"

"Hana? Basi wanagombania nini?"

Ni swali ambalo idara nzima, pamoja na digrii zake, haikuwahi kuliuliza kwa ufupi namna hiyo.

Kesho yake Bi Mahitaji aliazima bisibisi ya mumewe, akaenda nayo darasani, akalifungua duka skrubu kwa skrubu. Wateja waliokuwa wamelala nyuma yake waliamka wakakuta dunia imepanuka. Mkuu wa shule akaja mbio.

"Mwalimu! Mkaguzi akija?"

"Aniulize mimi."

"Atakuandika!"

"Aandike, mkuu. Angalau atakuwa ameandika kitu alichokiona."

Siku ya utetezi ilimkuta katika chumba chenye meza ndefu, jagi la maji, na projekta iliyotoa mwanga wa njano kama mgonjwa wa ini. Profesa alikaa katikati. Kulia kwake alikuwa mtahini wa nje, bwana mkubwa kutoka chuo kingine mwenye kikohozi cha mamlaka. Kushoto mtahini wa ndani, mhadhiri wa idara. Msimamizi alikaa pembeni, asiye na kura, akijitahidi kufanana na pazia.

Ramani ikatokea ukutani. Maduara yote yalikuwa na rangi zake, isipokuwa lile kubwa kuliko yote. Lilichorwa kwa mstari wa vipandevipande, ndani jeupe, na chini yake neno moja: Haikupatikana.

Mtahini wa nje akakohoa. "Mwalimu, hapa naona shimo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ni hitilafu ya mashine?"

"Mashine imehesabu sawasawa. Hesabu ni kazi yake. Kusoma ni kazi yangu, na sikupata cha kusoma."

"Lakini makala hii inajulikana! Nimeisoma mimi mwenyewe."

Bi Mahitaji akaweka mkono kifuani. "Nashukuru kukuona. Nimemtafuta mtu huyo mpaka nimechoka. Uliisomea wapi?"

Bwana mkubwa akatazama dari, kisha akamtazama mwenzake. "Nadhani niliiona kwa mwenzangu hapa."

"Kwangu?" akashtuka mtahini wa ndani. "Mimi niliipata kwako. Kwenye kitabu chako, sura ya pili."

"Sura ya pili aliniandikia msaidizi."

"Basi msaidizi wako ndiye aliyeisoma."

"Msaidizi wangu alikuwa wewe!"

Pazia lilikohoa, au pengine alikuwa msimamizi. Profesa akagonga meza kwa kalamu.

"Tusipoteze muda kwa kumbukumbu. Suala ni kwamba mtahiniwa hajasoma andiko la msingi. Lakini jopo lina huruma. Mwalimu, liondoe hilo duara, au lipake nyekundu kama ndugu zake, na tutakupitisha leo hii kabla chai haijapoa. Duara moja tu. Mengine unayo tele."

"Siwezi, Profesa."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Kila mmoja wenu amefunga uzi hapo. Nikiliondoa mtabaki mnaning'inia hewani. Na nikilipaka rangi, kesho mwalimu mwingine atajenga rafu."

"Unalipinga jopo?"

"Naliomba jopo linionyeshe karatasi." Hakupandisha sauti, lakini alikuwa ameinama mbele kama kawaida yake, na meza ilionekana kurudi nyuma. "Iletwe hapa, hata kama imetafunwa na panya nusu. Nitaisoma nikiwa nimesimama, nitawaomba radhi mmoja mmoja, na duara nitalipaka mwenyewe. Isipoletwa, litabaki jeupe."

Wakamtoa nje, wakamwita, wakamwambia ameshindwa. Alishukuru kwa adabu. Kisha akafungua begi, akatoa kijitabu cha kanuni za chuo, kitabu kingine ambacho kila mtu alikuwa ameshakisoma, akawasomea kifungu. Mtahiniwa akiangushwa kwa kutosoma andiko la msingi, jopo litampa ripoti ya maandishi inayolitaja andiko hilo, na nakala ya andiko itaambatishwa. Muhula ukiisha bila ripoti hiyo, tasnifu itapita kama ilivyo.

"Nani alitunga kitu hiki?" akauliza mtahini wa nje.

Profesa aliinamia vikombe vya chai. Alikuwa amekitunga yeye, zamani, alipokuwa kijana mwenye nywele na hasira, baada ya mzee mmoja kutaka kumwangusha kwa kitabu ambacho hakuna aliyekiona. Watu wote waliokuwepo wakati ule walisema ni kifungu cha haki. Kilikuwa cha haki, na ndiyo shida ya vifungu vya namna hiyo: havimjui baba yao.

Ripoti ikaandikwa. Masjala ikairudisha: kiambatisho hakipo. Ikaandikwa upya bila kuitaja makala. Masjala ikairudisha tena: ni makala gani? Idara ikafanya kikao kuhusu maana ya neno "ambatisha". Mwishowe Profesa alionekana maktaba, mahali ambapo miaka mingi alipajua kwa picha, akiulizia maandiko yanayoeleza duka la darasani linafanyaje kazi. Mkutubi alimjibu kwa masikitiko kwamba andiko bora kuliko yote juu ya jambo hilo limeazimwa.

Msimamizi akampigia simu Bi Mahitaji. "Dada, anaiandika kweli."

"Amefika wapi?"

"Kwenye kichwa cha habari."

"Hapo ndipo alipokuwa siku zote."

"Dada, mimi ningekuwa wewe nisingelala."

"Mimi nalala vizuri tu. Asiyelala ni mwenye kuandika."

Muhula ukaisha. Tasnifu ikapita kama ilivyo, na shimo lake. Hakuna aliyempa mkono. Tangazo lilibandikwa ubaoni nyuma ya tangazo la funguo zilizopotea, na Bi Mahitaji alilisoma kwa kuinua lile la funguo kwa kidole. Cheti kilipotoka, kilifika nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, na mama mkwe akavaa miwani kukikagua.

"Na hili duara?"

"Huo ni muhuri, mama."

"Lina kitu ndani?"

Bi Mahitaji akakisogeza dirishani, akakitazama kwa makini kupita ilivyohitajika. "Lina," akasema. Mama mkwe akaridhika.

Mkaguzi alikuja, akakuta kona tupu, akaandika: duka halikuonekana. Bi Mahitaji alimwomba aandike na sababu, akamtajia tasnifu yake na ukurasa. Mkaguzi, mtu wa utaratibu, akaandika vyote. Hatujasikia kwamba alikwenda kuusoma huo ukurasa, ila tangu siku hiyo anapoingia darasa lile hutazama ubao kwanza.

Mwaka uliofuata alikuja mgeni shuleni, mkufunzi wa chuo cha ualimu, mama mwenye sauti ndogo na begi kubwa. Naye alikuwa anaandika tasnifu.

"Samahani, mwalimu. Nimeona umeichambua makala ya duka la darasani. Wengine wote wameitaja tu, wewe umeiandikia sura nzima. Nikasema, huyu lazima anayo nakala."

Bi Mahitaji akaiweka kalamu chini. "Sura yenyewe umeisoma?"

Mgeni akachezea zipu ya begi. "Nimeiona kwenye marejeleo ya mwenzangu. Ameandika kwamba umethibitisha umuhimu wake."

Mwingine angelia. Bi Mahitaji alivuta kiti, akamkalisha mgeni mbele ya kompyuta ya ofisi ya walimu, akaifungua programu na kuilisha marejeleo mapya ya mwaka ule. Ramani ikajichora polepole. Duara jeupe lilikuwa palepale katikati ya wekundu, na lilikuwa limenona kuliko zamani. Kutoka kwake ulitoka uzi mpya hadi kwenye kidoti kipya.

"Hiki nani?" akauliza mgeni.

"Mimi."

Ndivyo programu ilivyo. Ukiandika kwamba makala ipo, inakuhesabu, na ukiandika haipo, inakuhesabu vile vile. Bi Mahitaji akaangua kicheko mpaka walimu wakageuka, kicheko cha mtu aliyempiga adui akaona amemnenepesha. Kilipoisha alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa nifanyeje?" akauliza mgeni. "Niiache?"

"Usiiache. Itaje. Andika uliitafuta na haipo, na mwambie mwenzako naye aandike hivyo. Kama ni kunona, linone, mpaka lipasuke."

"Na jopo langu likininyima shahada?"

Bi Mahitaji alikuwa ameshavuta droo. Akatoa kile kijitabu cha kanuni, kilichochakaa kwenye ukurasa mmoja tu, akamwekea mapajani.

"Liombe kiambatisho."